Zuhura, toboa ukuta

Zuhura shoga yangu,

Salamu kwako, kwa shemeji, na kwa huyo mtambaazi wenu asiyetulia. Nilicheka peke yangu nilipofika pale uliposema umemkuta kidato cha tatu. Chekechea hajaiona, kashafika kidato cha tatu! Halafu kicheko kikakatika, maana mtoto wa miezi minane kupanda anakujua, kushuka hakujui.

Umeniuliza ununue geti gani la ngazi, na hapohapo ukaniambia shemeji hataki mtu atoboe ukuta wake. Basi ngoja nianze na huo ukuta wa shemeji, kwa sababu ndio utakaoamua mengine yote.

Mageti haya yako ya namna mbili. Kuna la kubana, lenye bolti nne kwenye pembe zake. Unazizungusha zinasukuma ukuta pande zote mbili, geti likasimama kwa mbano peke yake. Hakuna tundu, hakuna vumbi, umemaliza. Na kuna la skrubu, linalofungwa ukutani kwa bawaba kama mlango wowote. La kubana ndilo linalovutia, na kwa sehemu nyingi za nyumba linatosha: mlango wa jikoni, korido, hata chini ya ngazi. Juu ya ngazi, hapana.

Sisi tuliliweka juu ya ngazi. Rangi ilikuwa mpya, nikauonea huruma ukuta. Sasa, fremu ya geti la kubana ina umbo la U, na ule upande wa chini ni chuma kinachopita sakafuni, ambacho kila unapopita lazima ukivuke. Miezi miwili nilikivuka. Usiku mmoja nimebeba beseni la nguo, sikukivuka. Mguu ulinasa, nikalishika geti ili nijizuie, nalo likanifuata. Nilijikuta nimekaa kidato cha nne kutoka juu, beseni limeshafika chini, geti limelala ubavuni kwangu. Sikuumia sana. Lakini nilikaa pale muda mrefu nikifikiri kwamba mikononi ningeweza kuwa nimembeba binti yangu.

Kesho yake tukatoboa ukuta. Mwambie shemeji ni matundu machache tu, na siku mtoto akikua, puti kidogo na brashi ya rangi vinayafuta yote.

Kabla hujanunua chochote, pima uwazi. Usipime mara moja. Pima chini, katikati na juu, kisha fuata kile kipimo kidogo kuliko vyote. Kuta hazinyooki kama tunavyodhani, na ule ubao wa chini ya ukuta unakula sentimita moja au mbili kila upande. Mimi nilipima juu tu nikajiona fundi.

Halafu tazama geti lenyewe. Nondo zisimame wima, kwa sababu za kulala mtoto atazifanya ngazi nyingine. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 6, na chini pasibaki pengo la kupenyeza kichwa. Kimo kiwe angalau robo tatu ya kimo cha mtoto. Kwenye boksi tafuta alama ya kiwango cha usalama: EN 1930 ni cha Ulaya, ASTM F1004 ni cha Marekani, ambako kilikuwa cha hiari mpaka 2021 kilipoanza kutumika kama sheria.

Na lile geti la mbao ambalo mama mkwe wako amekutunzia, lile la kuvuta na kukunja lenye matundu ya umbo la almasi, mshukuru kwa heshima zote kisha usilitumie. Ya namna hiyo, ya kabla ya 1985, yalinasa watoto shingo kwenye matundu yake na kwenye zile V za juu. Sijui utamwambiaje. Labda sema halienei.

Tuje kwenye kufunga. Kama ukuta ni wa tofali au zege, tumia keekee yenye ncha ya kutobolea zege, tia plagi za plastiki, ndipo skrubu. Kama ni mbao, skrubu inaingia moja kwa moja. Kama ni jipsamu, usiiamini peke yake, itamomonyoka siku mtoto atakapoanza kulitikisa geti, na atalitikisa. Gongagonga mpaka uisikie nguzo ya mbao nyuma yake, ufunge hapo. Naona upande wenu mmoja ni nguzo ya mviringo ya ngazi. Skrubu haikai vizuri kwenye mviringo, kwa hiyo tafuta vishikio maalumu vya nguzo, au ufunge kwanza ubao bapa juu ya nguzo kisha geti likae kwenye ubao. Tumia pimamaji. Geti lililopinda hata kidogo, komeo lake linakataa kuingia, na komeo linalosumbua mtu mzima ataliacha wazi.

Mlango ufunguke kuelekea ndani, ukumbini kule juu. Usifunguke kuelekea kwenye vidato hata siku moja. Mageti mengine yanafunguka pande zote mbili lakini yana kizuizi kidogo cha kuzima upande mmoja, kiweke.

Komeo ndilo nililokosea mara ya pili, na hili sikuwahi kukuambia. Nilichagua gumu kuliko yote, nikidhani gumu ndilo salama. Ukiwa na mtoto begani, mikono miwili hunayo. Baada ya wiki moja watu wazima wote wa nyumba hii walikuwa wanaruka juu ya geti, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuruka. Kwa hiyo unapokwenda kununua, mbebe kijana, ujaribu kulifungua na kulifunga kwa mkono uliobaki. Ukishindwa, rudisha. Linalojifunga lenyewe ni zuri zaidi kwa nyumba yenye wageni, ingawa usikie mlio wa komeo kabla hujageuka, maana mara nyingine linarudi bila kukamata.

Pale chini ya ngazi weka la kubana, sawa. Ukilitoa kwenye boksi utaona komeo na mlango havionani, pengo limekaa wazi, utadhani umeuziwa bovu. Mimi nilikaribia kulirudisha. Ndivyo fremu ilivyotengenezwa: ukikaza bolti zile, pengo linafungika lenyewe. Vile vikombe vidogo vinavyokuja nalo, vya kufungwa ukutani ili ncha za bolti zikae ndani yake, usivitupe eti unalinda rangi. Kiwango cha Marekani kinataka geti listahimili msukumo wa pauni 30, kama kilo 13 na nusu, na lile lisilofika hapo bila vikombe hulazimika kubandikwa onyo. Ndiyo, vinafungwa kwa skrubu. Shemeji atavumilia. Kisha kila wiki pita ukalisukume na kukaza bolti, kwa kuwa mbano hulegea polepole bila kelele.

Vitu vya kuchezea visiachwe karibu na geti, hasa vikubwa. Binti yangu aliburuta boksi la vitabu mpaka pale na kusimama juu yake, na alikuwa hajatimiza mwaka na nusu. Tukayatoa mageti alipokaribia miaka miwili, siku nilipomwona anachungulia jinsi kidole changu kinavyobonyeza komeo. Anayeweza kulifungua au kulipanda, geti linamwongezea urefu wa kuangukia tu.

Basi, pima leo kabla hajaamka. Niandikie vipimo vyote vitatu vya juu ya ngazi na vitatu vya chini. Ukiniletea kimoja kimoja sitakujibu.

Wako,
Rehema