Ukoko wa mabomba nao unastahili udaktari

Mhariri,

Juzi msomaji wako mmoja aliuliza kwa nini viwanda vyetu huagiza wataalamu kutoka nje ilhali vyuo vinatoa madokta kila mwaka. Naomba nafasi nimjibu kutoka upande wa kiwandani. Mimi ni mhandisi wa mitambo katika kiwanda cha sukari hapa Busoga, Uganda, mwaka wa 14 sasa. Kiswahili nilikipata katika nyumba za reli pale Tororo, alikofanya kazi baba, kwa hiyo lugha ya gereji ikipenya mnivumilie.

Kinachoninyima usingizi ni ukoko. Maji ya miwa yakitoka kwenye vinu huwa na takriban asilimia 15 ya sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka, nasi huyachemsha kwenye mitungi mpaka ifike 60 au zaidi, yawe shira. Yakichemka huacha ukoko ndani ya mabomba, mgumu kuliko wa sufuria ya wali, na joto la mvuke halipiti tena sawasawa. Hapo tunasimamisha mtambo, tunachemsha dawa kali humo ndani, kisha vijana wanaingia na brashi za chuma. Nje malori yamepanga foleni, na miwa iliyokwisha kukatwa haimngoji mtu: kila siku inayolala juani sukari yake inapungua.

Kwa misimu sita nimekuwa nikiandika daftarini: miwa ilitoka shamba gani, mvua ilinyesha vipi, chokaa ya kusafishia maji ya miwa tulitia kiasi gani, mabomba yakakaa siku ngapi kabla ya kuziba. Naamini jibu limo humo, ila sina maabara wala hesabu za kulithibitisha.

Mwaka 2021 nilipeleka madaftari hayo kwenye chuo kimoja. Profesa alinikaribisha vizuri, hata chai nilipewa. Kisha akaniambia kwamba nikitaka PhD niache kazi miaka mitatu au minne na nitafute mada yenye nadharia, kwani ukoko ni kazi ya fundi. Nina watoto wanne shuleni. Nikayafunga madaftari, nikapanda matatu ya Jinja. Mke wangu alicheka, akasema afadhali, maana ningeitwa daktari kijiji kizima kingeniletea watoto wenye homa.

Lakini kwingine njia ya kusomea udaktari ukiwa kiwandani ipo. Uingereza ilianzisha udaktari wa uhandisi, EngD, mwaka 1992. Ni wa miaka minne, na takriban robo tatu ya muda huo mtafiti anakuwa kwenye kampuni, akishughulikia tatizo la kampuni hiyo, huku akisimamiwa na mtu wa chuo na mtu wa kampuni. Yapo pia masomo ya darasani. Mwishoni anahojiwa na watahini kama mwenzake wa PhD, na akifaulu anaitwa Dokta vilevile. Ufaransa nayo tangu 1981 ina mpango wa Cifre: kampuni inamwajiri mwanafunzi kwa miaka mitatu, serikali inaichangia gharama, na anachotunukiwa ni udaktari uleule wa kawaida. Uholanzi tusiichanganye na hizo. EngD yao ni miaka miwili ya usanifu, na hawaihesabu kuwa sawa na PhD.

Mimi ningechukua mtindo wa Wafaransa. Cheti chenye jina geni hapa kwetu kitakuzungusha ofisi kwa ofisi ukitaka siku moja kufundisha chuoni, ukiulizwa kila dirisha kama hiyo kweli ni PhD.

Sisemi njia hii ni tamu tupu. Boila ikizimika saa nane usiku, hakuna atakayekumbuka kwamba wewe ni mwanafunzi. Siku za utafiti zisipoandikwa kwenye mkataba zitaliwa zote. Kuna na suala la siri: kampuni itakubalije tarakimu zake zichapishwe jirani azisome? Hilo nalo liandikwe mapema, pengine tasnifu ifungiwe kwa muda. Na matokeo mabaya je? Nikigundua kwamba ukoko unaletwa na uamuzi wa wakubwa wangu, nani atanilinda nikiuandika? Hapo ndipo msimamizi wa chuo anapaswa kuwa na meno.

Gari la umeme la Kiira lilizaliwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, na leo mabasi yake yana kiwanda hapa Jinja. Basi chuo na kiwanda wanajua kukaa meza moja wakitaka.

Meneja wetu amekubali kuniachia siku mbili kwa wiki. Profesa yeyote asiyeona haya kuvaa gambuti aje msimu huu, mtungi wa tatu tunaufungua kila baada ya wiki chache. Daftari la saba nimelianza Jumatatu.

Mhandisi wa sukari,
Jinja