Yah: Malalamiko kuhusu mirija mipya ya mashine za kusafisha damu na ushauri mliotupa juu ya kihisi cha hewa

Ndugu Mkurugenzi,

Tangu tufungue boksi la kwanza la mirija mliyotuletea mwezi uliopita, mashine zetu 4 zinapiga alamu ya hewa wakati ndani ya mrija hakuna hewa. Jumanne mashine namba 2 ilisimama mara 9 katika kipindi kimoja cha saa 4. Kila alamu inapolia, pampu inasimama na kibanio kinaufunga mrija unaorudisha damu kwa mgonjwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua. Lakini ilipofika mara ya 9, damu ilikuwa imeshaganda kwenye chujio, na tukashindwa kumrudishia mama wa watu damu yake. Wagonjwa hawa tayari wana upungufu wa damu, maana figo zao hazitoi tena homoni ya kutosha ya kuuchochea uboho uitengeneze. Mama aliniuliza kama ni yeye aliyelala vibaya. Nilikosa la kumjibu.

Nilipowapigia simu, fundi wenu alinielekeza niingie kwenye menyu ya mafundi, nipandishe kiwango cha hewa kinachowasha alamu. Nilijaribu kwenye mashine isiyo na mgonjwa. Nilizungusha maji ya chumvi kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika, kisha nikaingiza hewa kidogo kidogo kwa sirinji. Viputo niliviona kwa macho yangu vikipita, na mashine ikanyamaza. Mipangilio niliirudisha palepale na sitaigusa tena.

Kihisi hakina kosa. Upande mmoja kinatuma mawimbi ya altrasaundi, upande wa pili kinayapokea, na mrija umebanwa katikati. Kwenye damu mawimbi yanavuka bila shida. Yakikuta hewa, karibu yote yanagonga na kurudi, na kwa kupungua huko mashine inatambua kuna kiputo. Nimepima kwa kalipa: mirija yenu ya awali ilikuwa na kipenyo cha nje cha milimita 6.8, hii mipya ni 6.5. Kwa hiyo haikai sawasawa kwenye kihisi. Panabaki nafasi nyembamba ya hewa kati ya plastiki na ukuta wa kihisi, na mgonjwa akisogeza mkono tu, mawimbi yanakatika. Hewa ambayo kihisi kinailalamikia ipo kweli, ila iko nje ya mrija. Tulikuwa na pakiti moja ya zamani stoo. Niliifunga kwenye mashine ileile namba 2, ikafanya kazi saa 4 bila alamu hata moja.

Ndugu Mkurugenzi, kuchanganya saizi kwenye mzigo kunaweza kumtokea yeyote, na kwa hilo peke yake nisingeandika kwa uchungu huu. Kilichoniumiza ni kuambiwa nikipofushe kihisi ili mirija yenu iendelee kutumika. Baada ya kihisi na kibanio chake, hakuna kinga nyingine kati ya mashine na mshipa wa mtu.

Tunataka myachukue maboksi 11 yaliyobaki na mtuletee mirija yenye kipenyo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kwa gharama zenu. Tunataka pia ushauri ule mwufute kwa maandishi, na hospitali nyingine zote mlizozipelekea mzigo huu ziarifiwe leo, kwa sababu sijui ni fundi gani mwingine ameambiwa kama nilivyoambiwa mimi akatii. Taarifa ya tukio la Jumanne tunaipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, pamoja na sampuli za mirija yote miwili.

Wagonjwa wetu ni 14, kila mmoja anakuja mara 3 kwa wiki. Mirija tuliyoazima hospitali jirani inatufikisha Alhamisi jioni.

Fundi Sanifu Vifaa Tiba,
Kitengo cha Kusafisha Damu

Nakala: Mganga Mfawidhi