YAH: Malalamiko kuhusu diski ya filamu ya Critters na kudhalilishwa kwenye simu

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua, sina haja ya kuwasomea.

Diski ya Critters ya mwaka 1986 mliyoniuzia haina maandishi ya chini pale wale viumbe wadogo wenye manyoya kutoka anga za mbali wanapozungumza lugha yao. Bila maandishi hayo, filamu hii ni nusu. Kuna pale kiumbe mmoja anapomwonya mwenzake kwamba watu wa nyumba ile wana silaha, mwenzake anapuuza, na papo hapo bunduki inamsambaratisha. Hapo ndipo hofu na kicheko vinapokutana. Sisi tulisikia mikoromo tu, binti yangu akabaki kuniuliza, "Wamesema nini?" Tena diski inakatika kabla ya yale mayai ya viumbe hao kwenye banda la kuku, mayai ambayo filamu ya pili ya 1988 imejengwa juu yake!

Nilipiga simu. Mhudumu wenu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka simu kwenye spika: "Njooni mmsikie huyu, anataka kujua vimanyoya vinasema nini!" Wenzake wakaangua kicheko.

Barua pepe mbili nilishatuma kabla ya hapo. Hakuna aliyejibu.

Mniwie radhi, nalirudia hili la simu, maana nataka liwaingie. Nimeeleza kwa adabu, nimemwita "ndugu yangu", naye anaita ofisi nzima ije inicheke. Nilisikia viti vikivutwa. Mmoja akaanza kukoroma akiwaigiza wale viumbe. Binti yangu alikuwa ubavuni mwangu, anasikia yote. Kisha simu ikakatwa.

Wale viumbe ni kazi ya mikono ya ndugu wa Chiodo, macho mekundu na safu za meno, vibaragosi vya kushikika. Watu walitoa jasho. Anayeuza diski mbovu hana haki ya kuidharau kazi hiyo, wala anayeipenda.

Awali nilitaka kubadilishiwa diski tu. Sasa nataka fedha zangu zote, na diski nzima, na barua ya kuomba radhi yenye saini ya mhudumu huyo. Simu mnazirekodi, wenyewe hututangazia kila tunapopiga. Isikilizeni hiyo. Zikipita siku 7 bila jibu, nitakwenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji, na rekodi hiyo nitaidai kupitia wakili. Wenzake waliocheka nao watataja majina yao huko.

Ni mimi,
Mteja mliyemcheka