Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wafugaji Wanachama, Dagoretti

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo ilifanyika, nyasi kavu tulinunua kwa pamoja, na mafunzo ya usafi wa maziwa yalikamilika. Sitazirudia, kwa kuwa kinachozungumzwa tangu Agosti ni Sh 71,500 zilizotolewa katika akiba ya jokofu la maziwa ili kuweka athi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, katika mabanda 11.

Inadaiwa kwamba niliamua peke yangu. Niliitisha mkutano maalumu, wakaja wanachama 9 ilhali akidi ni 22. Baada ya wiki mbili niliitisha mwingine, wakaja 7. Ndipo kamati ilipoidhinisha, nami nikawa wa kwanza kutia saini, na hata leo ningeitia.

Katika banda la mwenzetu mmoja, ng'ombe aliyekuwa akitoa lita 14 kwa siku alishuka hadi 9, na daktari wa mifugo hakuona ugonjwa. Nilisimama pale asubuhi nzima. Ng'ombe alikuwa akilamba maji juu juu kama mbwa, kisha anarudisha kichwa ghafla, badala ya kuzamisha mdomo na kuvuta. Mwenye banda hakuwa amehisi umeme wowote, kwa sababu gambuti za mpira zilimtenga na sakafu. Ng'ombe hana gambuti, husimama kwa kwato nne juu ya saruji iliyolowa mkojo. Fundi mwenye leseni alipopima kati ya hori la chuma na sakafu alipata volti 4. Waya wa pampu ulikuwa umechubuka, na athi yenyewe ilikuwa kipande cha nondo cha futi mbili, kimechomekwa ardhini chini ya paa, ambako mvua haifiki na udongo ni mkavu mwaka mzima, hivyo haupitishi umeme vizuri.

Waliosema fimbo za shaba za athi, zinazochomekwa ardhini, peke yake zingetosha, na swichi za usalama ni ufujaji wa fedha, naomba wafanye hesabu hii: fimbo yenye ukinzani (kipimo cha inavyozuia umeme kupita) wa omu 50, katika umeme wetu wa volti 240, hupitisha takriban ampea 5 tu, na fyuzi ya ampea 30 haiwezi kukatika kwa kiasi hicho. Hori litabaki na umeme hadi mtoto aliguse. Swichi tulizoweka hukata umeme unapovuja miliampea 30. Tena tuliunganisha hori, lango na nguzo za chuma kwa waya mmoja wa shaba, ili kusiwe na tofauti ya volti kati ya chuma kimoja na kingine. Kila banda liligharimu Sh 6,500, na bei hiyo niliipigania mwenyewe.

Kuhusu ada, tulipaswa kukusanya Sh 153,600 kutoka kwa wanachama 64. Zimepatikana Sh 88,400. Sh 65,200 ambazo hazijalipwa zingerudisha karibu fedha zote zilizotumika mabandani. Inaniuma kwamba baadhi ya wanaolalamikia jokofu hawajalipa hata mwezi mmoja.

Mwaka ujao tunatumaini kuyafikia mabanda yaliyobaki, na jokofu litanunuliwa hali ya fedha ikiruhusu. Kwa sasa, mwenye pampu au mashine ya kukatia nyasi na amwite fundi apime kabla ya mvua za Machi.

Mwenyekiti