Hofu ya bomu nayo huanzisha vita

Mhariri,

Kijiweni kwetu Kariakoo, penye kahawa na kashata, wengi huamini kuwa silaha za nyuklia ndizo huleta vita, ilhali mara nyingi kinachoviwasha ni hofu ya bomu ambalo bado halipo. Mwaka 1981 Israel iliulipua mtambo wa nyuklia wa Iraq ulioitwa Osirak, karibu na Baghdad, kabla haujaanza kazi. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq zikidai ina silaha za maangamizi, ambazo hazikuonekana hata baada ya Saddam Hussein kung'olewa. Juni 2025 ikawa zamu ya Iran kushambuliwa, na Israel na Marekani, kwa hofu hiyo hiyo ya bomu. Nashangaa (labda ni uzee) kuona Mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani kwetu tangu 2009, ukitajwa kwa nadra magazetini.

Msomaji wako,
Kariakoo, Dar es Salaam