Barua ya malalamiko: mashine ya boti inayozima ikipata joto

Lamu, 9 Agosti

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Karakana ya Malindi.

Bwana Meneja,

KUH: MASHINE YA NGUVU ZA FARASI 40 INAYOZIMA NJIANI

Mimi ni mwenye boti ya abiria hapa Lamu, na mwezi wa Februari mwaka huu nilinunua kwenu mashine mpya ya kupachika nyuma ya boti, ya mipigo miwili na silinda mbili, kwa dhamana ya mwaka mmoja. Tangu mwezi wa Mei mashine hii huzima yenyewe safarini. Nimeileta kwenu mara tatu, na mara zote tatu imenirudia na risiti ya vipuri vipya pamoja na ugonjwa wake ule ule. Chuma huharibika, na hilo silalamikii. Ninalolalamikia ni kwamba mafundi wenu wamebadilisha vipuri mara tatu bila hata siku moja kuiacha mashine ifanye kazi mpaka izime mbele ya macho yao.

Mara ya kwanza mlisafisha kabureta. Mara ya pili mkabadilisha pampu ya mafuta na filta, na mara ya tatu mkatia plagi mpya, na fundi wenu akaniaga kwa maneno kwamba petroli ya Lamu ina maji. Nakiri kwamba petroli ya mitungi si ya kuaminika kila mara, ndiyo sababu huichuja kabla ya kuitia, na baada ya shutuma hiyo niliosha tangi, nikanunua bomba jipya na kujaza petroli nyingine kabisa. Mashine ikazima vile vile. Isitoshe, mashine iliyokosa mafuta hufa kwa namna yake: hukohoa, nguvu zikapungua, ikajikokota kidogo, kisha ikanyamaza. Hii yangu hukatika katikati ya mngurumo kama taa iliyozimwa kwa swichi. Nikiushika pale pale ule mpira wa kubinya ulio kwenye bomba la mafuta, naukuta mgumu, umejaa. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi li wazi. Na maji ya kupozea yalikuwa yakiruka nyuma kwa nguvu hadi dakika ile ile. Ikikaa robo saa ikapoa, huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Fundi ambaye angeniuliza dalili hizi kabla ya kushika spana asingeanza na kabureta.

Tarehe 21 Julai ilizima ndani ya Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, nikiwa na abiria kumi na mmoja wa Mtangawanda, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Kila anayepita Mkanda anajua kwamba mlango ule haumngoji mtu. Tuliishika boti kwa pondo isiingie mikokoni, lakini mashine ilipokubali kuwaka tulikuwa tumekwisha kukaa juu ya matope, na abiria wangu, akiwamo bibi mmoja aliyekuwa akienda mazikoni, wakasubiri hadi maji yalipojaa tena usiku. Mazishi hayakumngoja. Nauli niliwarudishia wote, na hilo siwadai nyinyi.

Baada ya siku hiyo niliamua kuitafuta hitilafu mwenyewe, bila kufungua chochote kinachohusu dhamana. Niliifunga boti gatini kwa kamba nne, nikaweka gia, na kuiacha mashine ivute kamba kwa nusu ya nguvu zake. Kwenye kila waya wa plagi nilipachika kipimo chenye kijitaa kinachomweka kila plagi inapopata moto wa umeme. Waya wa kitufe cha kuzimia niliuchomoa, ili nijue kama kitufe au kamba ya usalama ndiyo inayokata, huku mwanangu akikaa na mkono kwenye choki, kwani ukishauchomoa waya huo mashine haizimiki kwa kitufe. Kwa dakika ishirini na tano hapakuwa na neno. Kisha vijitaa vyote viwili vilizimika kwa pamoja, na gurudumu la juu, flaiwili, lilikuwa bado linazunguka. Hapo ndipo nilipopata jibu: kama ni mafuta yaliyokatika, vijitaa vingeendelea kumweka mpaka mzunguko wa mwisho. Nilivuta kamba mara kadhaa, visiwake. Baada ya robo saa vikawaka. Jaribio hilo nililirudia kesho yake, na mambo yakawa yale yale.

Kwa hiyo kitufe kimetoka katika shaka, na plagi pia, kwa kuwa plagi mbili hazifi sekunde moja na kufufuka sekunde moja. Kilichobaki ni kile kinachozilisha silinda zote mbili, yaani koili zinazozalisha umeme, zilizo chini ya flaiwili, au kisanduku cha CDI kinachoupeleka umeme huo kwenye plagi. Kipi kati ya hivyo, siwezi kusema bila kung'oa flaiwili, na nikiing'oa mtaniambia dhamana imevunjika. Koili yenye ufa ndani husoma sawasawa kwenye mita ikiwa baridi, na hukata umeme ikipata joto. Mkiiwasha mashine dakika tano ndani ya pipa la maji, kama mlivyofanya mara zote tatu, mtaiona nzima.

Naomba, basi, mambo haya. Mashine ijaribiwe ikiwa na mzigo kwa muda usiopungua dakika arubaini, nikiwapo, na koili zipimwe zikiwa zingali za moto. Kipuri kitakachoonekana kibovu kibadilishwe kwa dhamana. Nirudishiwe shilingi 23,400 nilizolipia pampu, filta, plagi na kazi ya mafundi, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichokuwa kibovu. Vipuri vyangu vya zamani ninavyo na nitavileta. Gharama ya kuisafirisha mashine kutoka Mokowe hadi Malindi na kuirudisha, safari hii iwe juu yenu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012. Ningependa tumalizane karakanani kabla ya kufika huko. Nangojea jibu lenu la maandishi katika muda wa siku kumi na nne. Boti nimeifunga, na mashine sitaifungua mpaka nisikie kutoka kwenu.

Wako mwaminifu,
Mwenye boti, Lamu