Homoni si dawa ya kijiti kizee

Mhariri,

Wanaootesha mvule kwa vijiti, yaani vipande vya tawi vinavyochomekwa vitoe mizizi, hapa Malindi wasiilaumu homoni ya mizizi (dawa ya kuchochea mizizi) vijiti vinapooza. Mara nyingi kosa ni kukata tawi la mti mzee, ambalo ni gumu kutoa mizizi hata ulipake homoni kiasi gani. Kata chipukizi la mche mchanga, sentimita 6 hivi, asubuhi kabla ya jua kali. Acha jani moja na ulipunguze nusu: likibaki zima hukausha kijiti, likiondolewa lote kijiti hukosa chakula. Chovya ncha ya chini kwenye homoni hiyo, aina iitwayo IBA, ya nguvu ya asilimia 0.2 hadi 0.4, kisha chomeka kwenye mchanga uliooshwa, kamwe si wa ufuoni wenye chumvi, ndani ya kisanduku cha nailoni kivulini.

Mwotesha miche,
Malindi